Msiwatishe watu na kilomita, waambieni waulize risiti

Ndugu mhariri, naomba na mimi nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana nimesoma barua ya yule mzee aliyewashauri vijana wasiguse kabisa gari ya kifahari ya spoti ikishavuka kilomita 150,000, nimeisoma mara mbili nikaona nikikaa kimya kuna mtu ataenda kupoteza hela yake kwa ushauri ule. Namheshimu mzee wangu na najua kaandika kwa nia njema, tena kuna sehemu yuko sahihi kabisa, haya magari yanafilisi watu kweli. Ila kinachowafilisi sicho alichokisema yeye.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Gari yangu ya kwanza ya aina hii, na kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, niliichagua vilevile anavyoshauri mzee, kwa kuangalia namba za kwenye dashibodi. Miaka 13 lakini kilomita 71,000 tu, rangi inang'aa, viti vya ngozi havina hata mkunjo, nikaona hapa nimepata. Nilipofika kuiangalia injini ilikuwa imeshawashwa muda, muuzaji akaniambia nimekupashia kabisa usipoteze muda, nikamshukuru. Nikamuuliza risiti za sevisi akasema hana, gari yenyewe haitembei sasa sevisi ya nini. Hilo neno nalikumbuka mpaka leo maana ndani yake ndo kulikuwa na majibu yote na mimi nikalipita.

Wiki ya tatu, asubuhi ya baridi, nimewasha nikasikia ngongongo kutoka chini ya injini, siyo kelele kubwa, kama mtu anagonga mlango kwa kidole kimoja, ukikanyaga mafuta inaenda haraka ukiachia inapoa. Fundi hakufungua injini kwanza, alitoa filta ya oili, akaikata na kisu, akaikunjua ile karatasi yake taratibu kama mtu anafungua kifurushi, akaniita akanisogezea kwenye mwanga. Kwenye mikunjo kulikuwa na chenga ndogo ndogo zinametameta. Akasema hizi ni beringi zako za konrodi, zile zinazoshika mikono ya pistoni kwenye kranki, yaani shafti kubwa ya injini, ndo zinaisha hivyo, usiiwashe tena. Injini ilikuwa imekwisha kwa kilomita 71,000.

Sasa kwa nini gari isiyotembea inakufa, hapa ndipo naomba wasomaji wanielewe. Ukiwasha injini baridi ukaenda safari ya dakika 10 ukazima, oili haijapata joto la kutosha, unyevu na petroli kidogo vinabaki ndani yake havikaushwi, ukifanya hivyo miaka na miaka ile oili inakuwa siyo oili tena inakula vyuma. Raba za kuzuia oili zinakauka kwa kukaa, mipira ya maji inapasuka, petroli inachacha kwenye tangi, maji ya breki yanavuta unyevu hewani kila siku uendeshe usiendeshe, ndo maana makampuni mengi yanasema yabadilishwe kila baada ya miaka 2 na hawasemi kilomita ngapi. Chukua Ferrari F355, ile ya kuanzia 1994 mpaka 1999, mkanda wake wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, unabadilishwa kwa miaka, na kuubadilisha ni lazima injini nzima ishushwe kutoka kwenye gari. Mtu akikuuzia F355 akakwambia haijatembea kwa hiyo mkanda haijaugusa tangu enzi hizo, hapo umeuziwa kazi ya kushusha injini.

Upande wa pili mzee anasema kilomita nyingi ni chuma kilichochoka, basi namwomba amwangalie marehemu Irv Gordon, mwalimu wa sayansi kule New York, aliyenunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966, ni gari ya spoti kabisa ya milango miwili, akaiendesha yeye mwenyewe mpaka mwaka 2013 ikafikisha maili milioni 3, yaani kama kilomita milioni 4.8, na akaendelea kuiendesha mpaka amefariki 2018. Hakuwa na siri yoyote, alikuwa anabadilisha oili mapema na anafuata kitabu cha gari kilivyosema. Sisemi kila gari itafika huko, nasema chuma kinachooshwa na oili safi na kinachotembea safari ndefu kinadumu kuliko tunavyoambiwa.

Na hata ndani ya magari ya kisasa zaidi hii kitu inaonekana. Porsche 911 ya kizazi cha 996, ile iliyoanza kuuzwa 1997 na ndo ya kwanza kupozwa kwa maji, wengi wanaiogopa kwa ajili ya beringi moja iko nyuma ya injini inashika shafti ya kati, ile inayopeleka mzunguko wa kranki kwenye valvu. Ni beringi ya gololi, imefungwa na grisi yake ndani, ile sili ikichoka grisi inaoshwa inatoka, gololi zinakauka, ikivunjika injini yote inaondoka nayo. Ugonjwa ni wa kweli na umeandikwa sana, hasa zile zenye gololi safu moja za kuanzia kama 2000 mpaka 2005, na Porsche wenyewe kwenye injini mpya waliyoileta kwa modeli za 2009 waliitoa kabisa hiyo shafti. Lakini ukikaa na mafundi waliozishika nyingi watakwambia zinazowaogopesha zaidi ni zile zinazoshinda gereji na kutolewa Jumapili. Iliyofika kilomita 200,000 na inaendeshwa kila siku ama beringi imeshabadilishwa, ama ni injini iliyoonyesha uvumilivu wake. Na kuibadilisha siyo kazi ya ajabu kwenye zile 996, ukishashusha giaboksi ili ubadili klachi beringi ipo pale mbele yako, ni ujinga kurudisha giaboksi bila kuigusa. Ndo maana mimi nikiona risiti ya klachi naomba nisome mstari kwa mstari kama kuna hiyo beringi na sili ya nyuma ya kranki.

Hivyo hivyo kwenye BMW M3 ya kizazi cha E46, ile ya 2000 mpaka 2006, watu wanauliza kilomita wakati swali la kwanza lilitakiwa kuwa je sakafu ya nyuma pale inaposhikiwa fremu ndogo ya difu imeshaangaliwa nyufa na imeshawekewa vyuma vya kuimarisha? Hilo huwezi kuliona kwenye dashibodi, unaliona ukiwa chini ya gari na tochi. BMW M5 ya kizazi cha E60 yenye V10, yaani silinda 10, nayo, injini tamu kuliko nyingi nilizowahi kusikia kwa masikio yangu, beringi zake za konrodi inatakiwa uzihesabu kama kitu cha kubadilisha kama unavyohesabu breki, sasa yenye kilomita 190,000 iliyokwishabadilishwa na risiti ipo na yenye 90,000 haijaguswa, ipi ni mpya zaidi? Mimi nachukua ya 190,000 bila kufikiria mara mbili.

Halafu kuna jambo mzee hakuligusa kabisa na ndo linaniuma zaidi, hizo namba zenyewe zinadanganywa. Kurudisha kilomita nyuma siku hizi ni kazi ya kompyuta na dakika chache. Ukiwaambia vijana wote wakimbilie kilomita chache unawapeleka moja kwa moja mikononi mwa wanaozirudisha, maana wao wanauza kile mnachokitafuta. Kinga zipo. Porsche za kuanzia miaka hiyo ya 996 kompyuta ya injini inatunza masaa ambayo injini imezunguka, fundi mwenye mashine sahihi anayasoma. Gawanya kilomita kwa masaa. Ikiwa imetembea kilomita 180,000 kwa masaa 4,500 ni wastani wa 40 kwa saa, inaeleweka. Dashibodi ikisema 60,000 na masaa ni yaleyale 4,500, hapo ni wastani wa kilomita 13 kwa saa, ama gari ilikuwa inakaa kwenye foleni maisha yake yote ama kuna mtu kachezea. Kompyuta hiyohiyo inaonyesha mara ngapi injini imezungushwa kupita kiwango chake, kwa mfano mtu alikuwa gia ya 3 akataka ya 4 akaingiza ya 2, hilo mguso wa rangi na poda ya ngozi haviwezi kulificha.

Na siyo lazima uwe na mashine. Angalia pembeni ya tairi kuna namba 4 zinaonyesha wiki na mwaka ilipotengenezwa, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Gari inayosemekana ina kilomita 30,000 na imeshakula tairi seti tatu, uliza. Angalia pedali ya breki mpira wake umelika kiasi gani, usukani pale kidole gumba kinapokaa, ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango anaposugulia akiingia. Weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa, ikiwa ya moto sema nitarudi kesho na naomba msiiwashe, muuzaji mwenye gari nzima hatakasirika. Mimi nilitakiwa kusema hivyo siku ile, muuzaji angekataa au angekubali yote mawili yangeniokoa. Ikiwashwa baridi nyamaza usiongee na mtu, simama nyuma usikilize dakika nzima, angalia na mabomba ya ekzosi, kwenye zile injini za Porsche ambazo silinda zake zimelala ubavu bomba moja likiwa na masizi mazito na mwenzake safi, omba fundi aingize kamera ndogo kupitia tundu la plagi aangalie kuta za silinda kama zimekwaruzika. Hiyo kamera siyo anasa, kwa gari ya namna hii ni sehemu ya bei.

Sasa pale ambapo mzee yuko sahihi. Bei ya gari inashuka kila mwaka lakini bei ya spea zake haijui kwamba gari imezeeka. Mtu ananunua Mercedes SL ya kizazi cha R230, ile iliyotoka 2001, kwa bei ya gari dogo la familia, anasahau kwamba nyingi kati yake chini kuna sasipenshen ya haidroliki yenye presha kubwa, ina pampu, matufe ya chuma ya kutunza presha, valvu na mabomba, na zile za miaka ya mwanzo breki zake zinaendeshwa na pampu ya umeme yenye kompyuta yake. Vikiharibika unalipa kama aliyeinunua mpya. Hapa vijana wengi ndo wanapozama, anakusanya hela yote mpaka senti ya mwisho anaimaliza kwenye kununua, gari inafika nyumbani hana hata ya kubadili oili. Mimi ushauri wangu ni kwamba kama una hela ya kununua gari kwa bei fulani basi nunua ya theluthi mbili ya hiyo bei na theluthi iliyobaki usiiguse, itaondoka ndani ya mwaka wa kwanza na usishangae. Kama hesabu hiyo haifiki subiri. Kusubiri mwaka mmoja inauma lakini gari ikiwa juu ya mawe nje ya nyumba inauma zaidi, niliiona yangu pale miezi 8 kila nikitoka asubuhi.

Na tafuta fundi kabla ya gari. Siyo fundi wa magari yote, mtu anayeijua hiyo modeli, aliyewahi kuifungua. Mpigie, mwulize zinakufaga nini, mwulize na yeye angenunua ipi. Nilivyofanya safari ya pili nilianzia hapo, yeye ndo aliyenikatalia mbili zenye kilomita chache, moja haikuwa na karatasi hata moja na nyingine ilikuwa imepakwa rangi ubavu mzima, akanipeleka kwa dada mmoja mwenye 911 ya 2002 kilomita 236,000. Yule dada alitoa faili lenye unene wa kitabu cha shule, oili kila mwaka, klachi, beringi ile, radieta za mbele, pampu ya maji, koili, shokapu, kila risiti ina tarehe na kilomita zinapanda mfululizo hakuna pengo. Kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa na boneti ina alama za vijiwe vya barabarani. Akaniambia nenda nayo kwa fundi wako ukae nayo siku nzima.

Hiyo ndo ninayoendesha mpaka leo, miaka 4 sasa, imevuka 290,000. Naenda nayo kazini. Oili naibadili kila kilomita 8,000 na kila mara naikata filta mwenyewe, naikunjua karatasi yake juani naipitia mkunjo kwa mkunjo. Ya mwezi uliopita ilikuwa nyeusi tupu, hakuna kinachometa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.