Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwezi wa sita maabara zetu Kigoma zimefungwa, tupeni mafunzo humo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tano na sita, niko mkoani Kigoma, nafundisha michepuo ya PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na nimechoka kuliongelea stafu rumu tu na wenzangu, tunalalamika weee, kengele ikilia kila mtu anabeba chaki zake anaingia darasani na yanaishia hapo hapo.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Walimu wa Advansi, yaani kidato cha tano na sita, wa Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hesabu tuwekewe mafunzo ya wiki mbili kila mwezi wa sita, yafanyike huku huku Kigoma, ndani ya maabara, kwenye topiki zenyewe tunazofundisha. Basi.

Kwa nini mwezi wa sita? Mheshimiwa, angalia ratiba yetu. Fomu siksi wanaanza mtihani wa Necta, yaani Baraza la Mitihani, mwanzoni mwa Mei, wakimaliza wanaelekea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Fomu faivu wanafunga wanarudi makwao. Fomu faivu wapya wanaripoti Julai. Hapo katikati kuna wiki kadhaa ambazo mwalimu wa Advansi hana mwanafunzi hata mmoja mbele yake, maabara imefungwa kufuli, vifaa vimerudishwa kabatini. Na huku kwetu mvua zimeshakata, ni kiangazi, barabara ya Kibondo, ya Buhigwe, ya Kakonko zinapitika. Sijui kama kuna mwezi mwingine katika mwaka wote ambao mambo yanakaa sawa namna hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini hili linaniuma, na itabidi nijiseme mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Advansi niliwaandalia vijana praktikali ya potenshiomita, kifaa cha kupima volti ya seli. Unaunganisha waya wa mita moja na betri, halafu unaleta seli nyingine unayotaka kuipima, unatembeza joki, kile kigusio, juu ya waya mpaka mshale wa galvanometa usimame kwenye sifuri. Kwenye kitabu ni mistari mitatu na mchoro mzuri. Siku hiyo mshale uligoma. Nikigusa sentimita 10 unakwenda kulia, nikigusa 50 kulia, 90 kulia, nikabadilisha galvanometa nikijua imekufa, nikabadilisha waya za kuunganishia, nikapindua seli, vijana zaidi ya arobaini wamenizunguka wamenyamaza, na ule ukimya wa wanafunzi wanaomwonea huruma mwalimu wao mimi nausikia mpaka leo. Saa nzima na nusu. Mwisho akaja mzee wetu wa maabara, alikuwa anafuta meza huko nyuma, akaangalia mara moja tu akasema, "Mwalimu, betri yako ya kusukuma imechoka, ina nguvu ndogo kuliko hiyo unayoipima, sifuri utaipata wapi?" Akaweka betri mpya mbili. Mshale ukasimama kwenye sentimita sitini na kitu. Watoto wakapiga makofi.

Mheshimiwa, mimi nina digrii ya ualimu wa sayansi. Nadharia ya potenshiomita nilikuwa naijua, hata ungeniamsha usiku wa manane ningekuchorea. Ila sikuwahi kuishika kwa mikono yangu. Fomu foo nilisoma shule iliyofanya praktikali ya kwenye karatasi, chuo tulikuwa wengi kwenye kikundi, mwenzetu mmoja anashika vifaa wengine tunaandika namba kwenye daftari. Nikapewa cheti, nikapangiwa kituo, nikawa mimi ndo wa kumfundisha mtoto atakayekaa mbele ya msimamizi kwenye Fizikia 3, mtihani wa praktikali, akiwa na waya, betri na saa inayokimbia. Na sijisemi peke yangu hapa, kaa na walimu vijana wa mkoa huu jioni mkiwa mnaongea kwa uwazi, kila mmoja ana potenshiomita yake.

Kuna mtu atasema mbona semina zipo. Zipo, nimehudhuria. Moja nakumbuka ilikuwa siku mbili, katikati ya muhula, darasa likabaki bila mwalimu, tukajazwa ukumbini walimu wa masomo yote, wa Historia na wa Kemia meza moja, tukaoneshwa slaidi za jinsi ya kujaza andalio la somo. Slaidi zilikuwa nzuri. Mwezeshaji alikuwa mtu mpole. Lakini hakuna aliyeshika hata kipima joto siku zote mbili, na nilirudi shuleni nikiwa na maswali yale yale niliyoondoka nayo pamoja na begi jipya.

Halafu kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na nasema kwa dhati wazo lake nimelipenda, walimu kukaa shuleni kila mara na kujifunza wenyewe kwa wenyewe badala ya kusubiri kuitwa mjini. Kwa Kiswahili au Hisabati za kidato cha kwanza inawezekana kabisa, mko watatu wanne mnabadilishana mawazo. Ila mimi Fizikia Advansi niko peke yangu shule nzima. Mwenzangu wa Advansi Hesabu yuko peke yake. Mimi nikae na nani tujadiliane transista na opampu? Jumuiya ya mtu mmoja haipo, ndo maana nasema sisi lazima tukutanishwe kutoka shule tofauti, mkoa mzima.

Wenzetu hili walishalifanya zamani sana. Marekani taasisi yao ya National Science Foundation ilianza kugharamia mafunzo ya kiangazi kwa walimu wa sekondari mwaka 1954, halafu tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, wakamwaga hela nyingi zaidi kwenye mafunzo hayo, walimu wa Fizikia na Hesabu wanakwenda kukaa vyuo vikuu wiki kadhaa wakati wanafunzi wako likizo, wanalipwa posho ya kujikimu, wanasoma somo lenyewe, yaani Fizikia yenyewe na Hesabu yenyewe. Mpaka leo walimu wao wanaofundisha AP, ambazo ni kozi za ngazi ya chuo zinazofundishwa sekondari, wana mafunzo ya kiangazi ya siku nne tano hivi, karibu masaa 30, kila mmoja na somo lake. Sisemi tuige kila kitu, wao wana hela na sisi tuna zetu. Nasema tu waliona kwamba anayefundisha masomo ya juu anahitaji kurudi kukaa kwenye dawati kila baada ya muda, na wakati wa kurudi ni likizo.

Niende kwenye Hesabu maana huko nako kunauma, mtihani wa 142, yaani Hesabu ya Advansi, si mchezo. Kuna topiki kwenye Advansi ambazo kwenye shule nyingi zinarukwa au zinapitiwa wiki ya mwisho kama mtu anayekimbizwa, na mnajua kabisa ni zipi, numeriko methodi, njia za kukaribia jibu kwa namba, ni mojawapo. Mwalimu anaandika ubaoni fomula ya Newton-Raphson, ya kutafuta jibu la mlinganyo kwa kukisia na kurekebisha makisio, watoto wanaikariri, wanaingiza namba kwenye kalkuleta, wakikosea sehemu moja hawajui wamekosea wapi kwa sababu hawajui kile kitu kinafanya nini. Bahati yangu nimewahi kukaa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima, aliyenichorea kwa kijiti kwenye mchanga nje ya nyumba yake. Akachora mkunjo, akachora mstari unaougusa, akanionesha pale mstari unapokata mhimili ndo makisio yako mapya, unarudi tena juu kwenye mkunjo, unachora mwingine. Tukatafuta kipeo cha pili cha 2 bila kalkuleta. Tukaanza na 1, tukapata 1.5, tukapata 1.4167, ya tatu ikatoka 1.414216, hatua tatu tu na tayari tarakimu tano baada ya nukta ziko sawasawa. Dakika kumi zile zilinifundisha kuliko muhula mzima niliosoma ile topiki. Wazee kama yule wapo, wamestaafu wako Ujiji, wako Kasulu, wako Mwanga wanafuga kuku, na hakuna aliyewaita waje watuachie walicho nacho.

Kwa hiyo Mheshimiwa wakufunzi hatuna haja ya kuwatoa mbali wote. Waje wachache kutoka vyuo vikuu, waje wastaafu wetu, na waje walimu ambao wameshakwenda kusahihisha Necta, maana hao wanajua watoto wanaangukia wapi hasa. Necta yenyewe kila mwaka inatoa vile vitabu vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, vina hadi picha za majibu ya hovyo na majibu mazuri. Wangapi tumekaa chini tukavisoma pamoja? Siku ya kwanza ya mafunzo ianzie hapo, tuone swali lililofanywa vibaya na nchi nzima, tulifanye wenyewe, bila mtu kuonea mtu aibu, halafu tuingie maabara.

Na tafadhali mzee wa maabara naye aitwe. Hili nalisisitiza. Mafunzo ya sayansi yanawasahau mafundi wa maabara kila siku wakati wao ndo wanaojua asidi iliyobaki ni kiasi gani na betri ipi imechoka. Mwalimu na fundi wake wafundishwe meza moja.

Mahali pa kufanyia papo. Kasulu kuna chuo cha ualimu cha serikali, kina mabweni, na wa Kibondo, Kakonko na Buhigwe hawatasafiri sana. Ukitupeleka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, nusu ya bajeti inaishia njiani, na mwalimu wa kike mwenye mtoto anayenyonya au mwenye mgonjwa nyumbani atajitoa kimya kimya, nafasi yake itachukuliwa na mtu ambaye hata hafundishi Advansi. Nimeona hilo likitokea. Majina ya washiriki yatoke kwenye ratiba za vipindi za shule, anayefundisha somo ndo aende.

Faida nyingine ya kufanyia huku ni kwamba huku kuna vitu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ukimwambia mwanafunzi wa Kigoma akokotoe mgandamizo wa maji kule chini atapata karibu mara 140 na zaidi ya huu wa hewa, na hataisahau kwa sababu ziwa analiona akiwa anapiga mswaki. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaja kuinuliwa 1924, nipe hiyo nikufundishe nguvu ya kuelea siku mbili. Uvinza wanatengeneza chumvi kutokana na maji ya chumvi yanayotoka ardhini. Mawese yetu yanapikwa sabuni kwenye madumu nyuma ya nyumba, na mwalimu wa Kemia anakwenda kufundisha saponifikesheni kwa kusoma kitabu wakati mama wa jirani anaifanya kila Jumamosi. Sitaki kurefusha sana hapa, ila mafunzo yenye akili yangetutuma siku moja tutoke tukapime, turudi na namba zetu wenyewe.

Kuhusu likizo yetu, ndiyo, baadhi ya wenzangu watanuna. Mwalimu naye ana shamba, ana wazazi kijijini, na mwezi wa sita ndo anapumua. Siwalaumu. Lakini tulipwe posho ya kujikimu ya kueleweka, ilipwe siku ya kwanza na si baada ya miezi mitatu, na mwisho wa wiki mbili mtu apewe cheti kinachohesabika kwenye kupandishwa daraja, nakuhakikishia watu watakuja. Na wiki mbili zikiisha kila mtu bado anabaki na siku zake kabla ya Julai.

Najua pia walimu wa sekondari kiutawala tuko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na kwamba utaambiwa jambo hili lina wenyewe wengi. Mtaala uko kwako Mheshimiwa, Taasisi ya Elimu iko kwako, vyuo vya ualimu viko kwako. Anzia na mkoa mmoja. Anzia na masomo mawili kama manne ni mengi, Fizikia na Hesabu, walimu thelathini, mafundi wa maabara kumi, mwezi wa sita unaokuja. Ukihitaji vifaa vya ziada, potenshiomita tano za shule yetu zote zinafanya kazi, galvanometa mbili zinahitaji kurekebishwa mshale, na funguo za maabara likizo yote ninakaa nazo mimi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Fizikia, Kigoma