Risala ya Klabu ya Jiografia na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Kigamboni. Maonesho yetu mwaka huu yanahusu utafiti katika ncha za dunia, na swali tunalijua: Dar es Salaam na barafu wapi na wapi?

Mheshimiwa, barafu ya Greenland ikiyeyuka yote itainua bahari kwa takribani mita 7. Ya Antaktika, takribani mita 58. Tunasema barafu iliyo juu ya nchi kavu, maana inayoelea tayari imo majini. Tena barafu hiyo ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari upande wake. Ikipungua, mvuto hulegea na maji husogea mbali. Kando ya Greenland bahari hushuka. Huku kwetu, mbali na ncha zote mbili, hupanda kupita wastani. Mwenye kiwanja Kunduchi ana haki ya kuuliza vipimo vya kule vinasemaje.

Meza ya kwanza inaonesha barafu inavyosomwa. Theluji hulundikana na kugandamizwa. Kwenye kina cha mita 60 hadi 100 hivi vitundu vyake huziba na kunasa hewa. Kwa hiyo hewa ni changa kuliko barafu inayoizunguka, na asiyelipigia hesabu hilo hukosea umri wake kwa mamia au hata maelfu ya miaka. Keekee yenye uwazi katikati hukata mche wa barafu wenye kipenyo cha sentimita 10 hivi. Shimo hujazwa kimiminika kisichoganda, la sivyo barafu hulibana na keekee hunasa. Kati ya mita 600 na 1,200 hivi ndipo penye balaa: viputo vimebanwa mno, mche ukifika juu hupasuka. Huachwa kwenye baridi miezi kadhaa utulie, ndipo ukatwe. Kisha kipande husagwa ndani ya chombo kisicho na hewa, na hewa ya kale inayotoka hupimwa.

Mche wa Dome C, Antaktika, umehifadhi miaka 800,000. Kabla ya zama za viwanda, kabonidioksidi, gesi inayoongeza joto duniani, humo haizidi sehemu 300 hivi kwa milioni. Leo hewani imepita 420.

Ozoni nayo, gesi ya angani inayotukinga na miale hatari ya jua, ilibainika kupungua juu ya kituo cha utafiti cha Halley, Antaktika, kwa kupima pale pale mwaka hadi mwaka. Matokeo yalichapishwa 1985. Itifaki ya Montreal, makubaliano ya mataifa ya kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, ikasainiwa 1987.

Mheshimiwa, Mkataba wa Antaktika wa 1959 unataka matokeo ya utafiti yapatikane bila kizuizi. Sisi tumekwama kwenye kompyuta: zilizopo hugoma kufungua mafaili makubwa, na intaneti hukatika. Tunaomba kompyuta 4 na kifurushi cha mwaka mzima. Pia tunaomba utusemee tupate kibali cha kusimika mti wenye alama za sentimita karibu na kivuko, tusome maji kupwa na kujaa kila siku.

Tunaomba kuwasilisha.