Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Wafanyabiashara wa Vyuma Chakavu, Moshi

Ndugu wanachama, na wazee wetu, shikamooni.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya kamati vilifanyika, mizani zilihakikiwa na Wakala wa Vipimo, misiba tulishiriki, na gari la pamoja la mzigo wa Dar es Salaam liliendelea isipokuwa kipindi cha masika. Kwenye daftari tuko 64. Waliolipa ada ya 60,000 ni 23, yaani 1,380,000. Rambirambi 450,000, pango la ofisi 600,000, usafiri na uchapaji 210,000. Benki imebaki 120,000. Vielelezo anavyo mhazini, anayetaka akamwone.

Sasa lile linalosemwa vijiweni Njoro na Pasua, kwamba mwenyekiti kauza chama.

Mwezi Juni tulialikwa kutoa maoni kwa maandishi kuhusu kurekebisha sheria zinazolinda miundombinu muhimu ya nchi. Niliitisha mkutano mara mbili. Wa kwanza walikuja 9, wa pili 11, na wawili kati yao walifuata bei ya kopa, yaani shaba. Akidi haikutimia na siku ya mwisho ilikuwa imefika. Kamati ikaridhia, nikaandika, nikasaini. Leo waliobaki nyumbani ndio wenye sauti kubwa.

Niliandika nini? Kwanza, sheria zioanishwe. Anayekata nyaya za umeme anaguswa na Sheria ya Umeme ya 2008, anayeng'oa taruma zinazobeba reli na Sheria ya Reli ya 2017, anayebeba alama ya barabarani na Sheria ya Barabara ya 2007, na mabomba yana sheria ya maji ya 2019. Mawasiliano yana yake ya 2010, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ndiyo inayompa Waziri uwezo wa kutangaza mfumo wa kompyuta kuwa miundombinu muhimu ya taarifa. Kwetu sisi vyote hivyo, ukiacha kompyuta, huingia ndani ya gunia moja. Kisha mnunuzi anakumbana na Kanuni ya Adhabu kwa kupokea mali ya wizi, au shauri linafunguliwa kama uhujumu uchumi. Niliomba sheria iwatenganishe aliyeng'oa, aliyemtuma na aliyepima kwenye mizani bila kujua. Hapo nilimtetea mwanachama, na sijasikia wa kunishukuru.

La pili ndilo lililochemsha watu: kila anayeuza kopa, aluminiamu au chuma cha reli aandikwe jina, simu na namba ya NIDA, mzigo ukae siku saba kabla ya kusafirishwa, na kopa iliyochomwa kuondoa mpira wa waya isinunuliwe kabisa. Mnasema wateja watahamia Himo. Wahamie. Mnalikumbuka gunia la Machi. Kijana alilishusha kwangu alfajiri, kopa ina masizi na harufu ya mpira, nyuzi nene za kusokotwa ambazo hakuna feni wala mota ya nyumbani inayozitoa. Nilimwambia aondoke nalo. Likanunuliwa yadi ya tatu kutoka kwangu, na polisi walipokuja walianzia kwangu.

Mnaodhani tukinyamaza tutaachwa, tazameni ng'ambo ya mpaka wa Holili. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, Kenya ikaingia gizani, na kabla mwezi haujaisha Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima. Sheria ya Vyuma Chakavu walikuwa nayo tangu 2015, na haikuwaokoa. Hadi Mei ndipo wakafunguliwa, kwa masharti. Nani hapa angelipa pango miezi hiyo yote? Na sisi tumekaa kando ya reli iliyorudisha abiria Moshi Desemba 2019 na Arusha Agosti 2020. Siku taruma zikikosekana na behewa likapinduka, hakuna atakayeuliza nani alilipa ada na nani hakulipa. Yadi zote zitafungwa.

Niongeze kwamba madaftari 30 ya kuandikia wauzaji niliyachapisha kwa fedha yangu mfukoni. Yamechukuliwa 8. Mengine yako ofisini, yanakula vumbi.

Majibu ya barua yetu hayajaja. Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata eneo la pamoja nje ya makazi, semina ya vibali vya taka hatarishi, na pengine mfuko wa kukopeshana, kamati italitazama. Wenye hoja dhidi yangu wasimame leo hapa hapa.

Wasiolipa ada wamwone mhazini kabla ya chakula, maana chakula chenyewe kimelipiwa na wale 23.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti, Moshi