Feni ya Noah Haipulizi? Usikimbilie Kujaza Gesi

Joto la Januari likishika kasi, Noah nyingi huingia gereji kwetu na ombi lilelile: "Fundi, AC imekufa, niwekee gesi." Tunawasha gari, tunaweka mkono kwenye matundu ya dashibodi: hakuna upepo. Hapo gesi haihusiki. Gesi inapooza hewa, lakini kinachoisukuma hewa ikufikie ni feni, na feni hiyo ya mbele ndiyo inayopuliza hita pia. Wanaosafiri na familia kwenda Njombe mwezi wa Juni au Julai huligundua tatizo hukohuko, usiku, kioo cha mbele kimeshika ukungu na hakuna cha kuufukuza. Hilo la kioo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, hata hapa Dar wakati wa masika gari likiwa limejaa watoto.

Kabla hujaja, zungusha swichi ya feni kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho. Ikipuliza kwenye ya mwisho tu, mara nyingi rezista imeungua. Namba za chini hupitisha umeme kwenye rezista ili kasi ipungue. Ya mwisho inaikwepa. Zile Noah zenye AC ya vitufe hutumia kifaa cha kielektroniki badala yake, na dalili zake hutofautiana.

Rezista yenyewe ni spea ndogo, na ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar, utaipata. Tatizo ni pale mtu anapoibadilisha bila kuuliza kwa nini iliungua. Imewekwa kwenye njia ya upepo makusudi, ili upepo wa feni uipoze. Filta ya hewa ya AC ikiziba kwa vumbi la barabara zetu za mitaani, upepo unapungua na rezista inapata moto. Mota ya feni nayo ikichoka, inazunguka kwa uzito na kuvuta umeme mwingi kuliko kawaida, hadi plagi ya kuunganishia nyaya inayeyuka. Ndiyo maana sisi tunapima umeme unaovutwa na mota kwanza, halafu ndipo tunafunga rezista mpya.

Feni isipozunguka kabisa, tunaanza na fyuzi, kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha tunapima kama umeme na ethi (waya wa kurudisha umeme) vinafika kwenye plagi ya mota. Vikifika vyote na mota imetulia, mota ndiyo mbovu. Ikiamka ukiigonga kidogo, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha, itakuachia njiani. Tafadhali, fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Nyaya zitaungua nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kuzifikia ukiwa barabarani. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima feni papo hapo.

Wanaoegesha chini ya mwarobaini husikia feni ikikwaruza: majani yameingia kupitia matundu ya chini ya kioo cha mbele. Hayo tunayatoa tu. Na kama upepo huanza vizuri, ukafifia baada ya mwendo mrefu, kisha ukarudi gari likipumzika, huenda barafu imeganda kwenye evaporeta, kifaa cha AC kinachopooza hewa. Hapo sasa ndipo tunapopima na gesi.

Kama ulishabadilishiwa rezista mahali pengine, njoo na ile ya zamani. Alama za kuungua na hali ya plagi yake hutuonyesha pa kuanzia.