Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlango Una Sheria, Nyumba Haina

Ndugu wanachama, wazee wetu wa mtaa na vijana mliojiunga mwaka huu, salaam.

Nguvu zetu nyingi mwaka huu zimekwenda kwenye daftari letu la majengo ya kale ya Dar es Salaam, ambamo kila jengo lina fomu yake, na kila mwanachama anapaswa kujua sababu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya nguzo, yamo. Lakini mji huu Sultan Majid aliuanzisha miaka ya 1860, na Boma la Kale lilijengwa 1866 hadi 1867. Kwa hiyo karibu kila tunachokiita cha kale, kuanzia bandarini hadi Kariakoo, kimekuja baada ya tarehe hiyo, na hakilindwi mpaka kitangazwe rasmi. Mlango wa nakshi uliochongwa nchini kabla ya 1940, kwa upande wake, unalindwa: hauuzwi wala hausafirishwi nje bila kibali. Nyumba inayoubeba inaweza kubomolewa kesho.

Daftari ndilo la kutangulia mbele ya ofisi yoyote, na fomu yenye mapengo haitusaidii. Nyingi zilirudishwa kwa sababu ya vipimo. Futi ya kushonea inavutika. Tumieni futi ya chuma. Pimeni mlango ukiwa umefungwa: miimo yote miwili, kizingiti cha juu, kila ubao, na mfaa wa katikati (nguzo inayofunika pale mbao mbili zinapokutana) peke yake. Kwenye picha, egemezeni rula ya mita kwenye mwimo, kamera isimame sawa na katikati ya mlango. Pigeni saa ambayo jua linaupiga mlango kwa ubavu, maana mwanga wa mbele unafuta kina cha nakshi na maua yanaonekana kama yamechorwa kwa kalamu. Chini ya mwimo pachunguzwe kwa kidole. Pale barabara ilipoinuliwa, maji ya mvua hurudi kizingitini, na mbao inaoza kuanzia chini huku juu ikiwa nzima kabisa.

Majengo ya baada ya Uhuru nayo yaandikwe. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na ukarabati wowote wa jengo la namna ile unahitaji michoro na picha za kabla ya moto.

Sasa saruji. Hili linaniuma, kwa sababu wanaoharibu ni watu wenye nia njema waliotoa fedha zao. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiyafunika kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya lipu hadi inaibandua pamoja na uso wa jiwe. Fundi akiona imebanduka, anapiga saruji nzito zaidi.

Matengenezo yaanzie juu. Gata (mfereji wa maji ya paa) iliyotoboka inaozesha ncha za boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na lipu mpya chini yake ni kazi bure. Paa likishatengemaa, banduni saruji kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia inatikisa ukuta mzima. Acheni ukuta ukauke kiangazi chote, mkifagia chumvi kwa brashi kavu. Mkiiosha inarudi ndani. Lipu ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiuguse. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa angalau wiki 2, maji yakiifunika. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi sentimita 1, kisha lifunikeni kwa magunia mabichi na kuyanyunyizia kwa siku 7. Upepo wa pwani ukilikausha kabla ya hapo, linapasuka na kutoa unga. Fundi anayelipwa kwa siku atashawishika kuongeza koleo la saruji ili ishike haraka, kwa hiyo mapatano yawe ya kazi nzima, na mwanachama mmoja awepo wakati wa kuchanganya.

Kuhusu picha za familia: zilizonata kwenye kioo cha fremu msizibandue. Zinakiliwe zikiwa humo humo. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kwani wino hupenya upande wa pili kwenye unyevu wetu huu. Nakala tunazihifadhi kwa nukta 600 kwa inchi, sehemu mbili tofauti. Sauti za wazee zirekodiwe feni ikiwa imezimwa, na jina la mtaa litajwe mwanzoni.

Kabla ya masika tunakusudia kumaliza fomu za mtaa wa Gerezani. Wenye nyumba wawili wameruhusu vipimo vya ndani hadi uwani, na tunawashukuru sana. Futi za chuma na rula zipo kwa katibu.