Mwanangu, hiyo Pijo usiipige rangi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu na anakukumbusha ile dawa ya kifua uimalize yote.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kila mtu ana lake juu ya hiyo Pijo yako, Peugeot 504 ya mwaka 1972. Fundi wako wa Industrial Area anataka kuing'oa injini atie ya Toyota. Rafiki zako wanataka uipige rangi nyeusi ya kumeremeta uikodishe kwenye harusi. Na yule bwana wa Karen anayetaka kuinunua amepandisha bei mara ya pili. Umeniuliza mimi kama baba, tena kama fundi, na swali lako nimelilalia siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Usiipige rangi, mama. Injini usiiguse isipokuwa kuihudumia. Gari hilo linataka breki, tairi na mabomba mapya ya mpira, basi, halafu liendeshwe. Nitakueleza kwa nini, maana najua hukubali jambo kwa kuambiwa tu.

Jumapili ile nilipokuja kulitazama, wewe ulikuwa unanionyesha ubavuni jinsi rangi ilivyopauka, na ule mchubuko wa mlango wa nyuma. Mimi nilifungua buti nikainua mkeka. Chini yake rangi ni ileile ya maziwa, lakini mbichi, kana kwamba jua halijawahi kuiona. Nikapitisha ukucha kwenye mshono wa bati na kuhesabu vidoa vya kuchomelea. Ni viduara vidogo vilivyobonyea, kimoja baada ya kingine, vimeachana sawasawa kama mshono wa cherehani. Gari likigongwa likanyooshwa, vidoa hivyo hupotea chini ya fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Vyako vipo vyote. Ndipo nikatoa ile sumaku yangu niliyoiviringisha kitambaa, nikaitembeza kuanzia chini ya mlango wa dereva hadi kwenye taa ya nyuma. Uliniuliza ninatafuta nini, nikakwambia subiri. Nilikuwa natafuta mahali itakapodondoka, maana sumaku hainasi kwenye fila. Haikudondoka popote.

Miaka arobaini nimefanya kazi gerejini, na Pijo 504 zilizopita mkononi mwangu siwezi kuzihesabu. Ambayo haijawahi kunyooshwa wala kupigwa rangi, sikumbuki kama nimewahi kuishika.

Unajua zilikuwa nyingi kiasi gani? Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likichorwa na watu wa Pininfarina kule Italia. Tazama zile taa za mbele zilivyokatwa kama jicho la paka, na mfuniko wa buti unavyoteremka halafu ukavunjika ghafla. Mwaka 1969 ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Huko kwao waliacha kutengeneza ya sedani mwaka 1983, lakini kwetu Kenya ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye. Zile za mgongo mrefu zikawa matatu za safari ndefu, abiria wamebanana hadi nyuma kabisa. Pijo haikuwa gari la tajiri tu, ilikuwa gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya, la mfanyabiashara wa kahawa. Kwa sababu zilikuwa nyingi, hakuna aliyefikiria kuihifadhi hata moja. Zilifanya kazi hadi zikafa, zikakatwa kuwa vyuma chakavu.

Na sifa yake haikuwa ya maneno. Mashindano ya magari ya Safari Rally nilikuwa nayafuata redioni tangu mdogo. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Pijo 404, ile iliyoitangulia 504. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, naye wa Dar es Salaam, kwa 404 vilevile. Kisha 1975 ikaja zamu ya 504, Ove Andersson akaichukua. Mwaka huo ndio nilianza kuokota spana kwa watu, na nakumbuka mzee wangu wa gerejini alizima mashine ya kuchomelea ili tusikie matokeo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Kabla hujazaliwa nilikuwa na 404 yangu mwenyewe, ya kijivu, niliyoinunua kwa mjane wa karani mmoja wa bandari. Ilikuwa haijaguswa, kama hiyo yako. Nikaona haya kuendesha gari lililopauka, mimi fundi, watu watasemaje. Nikaipeleka kwa fundi wa bodi aliyesifiwa mjini, jina lake sitalitaja. Wakaikwangua hadi kwenye bati. Raba za vioo zikang'olewa kwa bisibisi zikachanika, mistari ya kromu ikatupwa kwenye debe pamoja na ya magari mengine, na nembo ya simba wa mbele sikuiona tena. Ikarudi inang'aa kweli, nikaiendesha Jumapili nzima. Masika ya pili maji yakaingia kwenye zile raba za kubandika, yakakaa chini ya kapeti, sakafu ikaoza. Milango nayo ikaanza kufura malengelenge. Nililibonyeza moja kwa kidole likapasuka, ukatoka unga mwekundu. Niliiuza kwa bei ya chuma. Mama yako anajua, hata leo nikiiona 404 barabarani huwa nanyamaza.

Kwa hiyo ninaposema usiipige rangi, sisemi kwa kuwa nimesoma mahali. Rangi mpya utaipata dukani wakati wowote, kwa mkebe. Ile iliyopigwa kiwandani Sochaux, kule Ufaransa, mwaka 1972 haiuzwi. Ioshe kwa maji na sabuni laini, ipake nta, hapo kwenye mchubuko weka nta nzito kutu isianze. Chini ya mlango wa abiria kuna kidoa cha kutu kama shilingi, hicho nitakikwangua na kukitibu mwenyewe, usimpe mtu.

Hayo ya injini ya Toyota nayo yaache. Simchukii fundi wako, anataka gari lisilomsumbua. Lakini injini ya 504 ina silivu, ile mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, za kutoa na kurudisha. Ikichoka, unatoa silivu na pistoni, unatia mpya, bloku inabaki palepale. Ilitengenezwa ili ifufuliwe. Halafu namba iliyo kwenye logibuku ndiyo iliyo kwenye chuma, nimezilinganisha kwa tochi ya simu herufi kwa herufi. Ukiing'oa umevunja ndoa hiyo. Na ile feni! Feni ya Pijo haizunguki muda wote, ina sumaku ya umeme, maji yakipata joto ndipo inanasa. Mafundi wengi waliona usumbufu wakaifunga kwa bolti izunguke moja kwa moja. Nami nimezifunga nyingi, Mungu anisamehe. Yako tulipoiacha iungurume dakika kumi nikaisikia ikinasa yenyewe. Ulikuwa unazungumza na simu, hukunisikia nikicheka.

Harusi? Nimelifikiria kwa sababu najua mkopo wa chama unakubana. Lakini harusi ni utepe wa kubandika juu ya boneti, na utepe ukibanduliwa unaondoka na rangi kongwe. Ni foleni ya saa mbili juani injini ikichemka, ni watoto wanaruka juu ya viti. Hicho kiti cha nyuma hakijachanika mshono hata mmoja tangu 1972. Kama ni pesa, nitakusaidia marejesho ya miezi mitatu, tutajua baadaye tutalipanaje. Kuhusu bwana wa Karen, mjibu kwa adabu kwamba haiuzwi. Akitaka kuigeuza ya mashindano ya Safari za magari ya zamani, atafute iliyokwisha nyooshwa, maana ya mashindano lazima aikate aitie vyuma ndani.

Sasa kazi yenyewe. Gari limekaa miaka sita chini ya mwembe, na kukaa ndiko kunakoua gari kuliko kutembea. Tairi usizitazame meno. Meno yapo, lakini nilisoma ubavuni tarakimu nne za mwisho, 1109. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2009. Hizo hazifai hata kwenda dukani. Tafuta za inchi 14 za kipimo kilekile, rimu usibadilishe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na ya miaka sita yameshaozesha vitu ndani, kwa hiyo masta silinda na kalipa zote zifunguliwe zitiwe raba mpya. Mabomba ya petroli ya mpira yamekuwa magumu kama kuni, yote nje, maana likipasuka moja juu ya injini ya moto hutakuwa na gari la kujadili. Tangi limwagwe lisafishwe, kabureta ifunguliwe. Kila unachotoa, hata skrubu iliyooza, kitie kwenye mfuko uandike kimetoka wapi. Usitupe kitu.

Na bima: usikubali waiandike kama gari kuukuu lisilo na thamani. Mwite mkadiriaji alione, apige picha hadi chini ya mkeka wa buti, thamani ikubaliwe kwa maandishi kabla hujalipa.

Baada ya hapo iendeshe. Kila wiki, mama, hata kama ni kwenda kanisani Ngong na kurudi. Raba zinataka kulowa mafuta, breki zinataka kukanyagwa. Sitaki uifunike turubai iwe kaburi.

Nakuja Ijumaa kwa treni ya asubuhi. Usije kunipokea Syokimau na Pijo, hata ukiona breki inashika. Njoo na teksi, kwani mzigo ni mzito kidogo. Nimebeba raba za breki za mbele na nyuma, nimezipata kwa mzee mmoja wa Mwembe Tayari, bado ziko kwenye karatasi yake ya zamani. Na kuna kitu kimoja kimefungwa kwenye leso ya mama yako. Ni kibisibisi nilichokuwa nikitumia kurekebisha kabureta ya ile 404. Nilikiweka miaka yote sijui kwa nini. Sasa nimejua ni cha nani.

Baba yako