Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kuhusu paa la soko letu

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Mama yangu anauza dagaa sokoni kwetu. Ndiye aliyenipigia simu kunieleza kwamba mnakusudia kupuliza povu la poliurethani, lile linaloganda na kuwa gumu, juu ya yale mabati yaliyoliwa na chumvi, paa lisivuje tena na joto lipungue. Kazi yangu ni hiyo hiyo, huku Phoenix, Arizona, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 43. Mpango wenu naufurahia.

Ombi langu ni moja: usitie saini mkataba usiotaja fedha za kupaka upya.

Povu likitunzwa hudumu miaka 30, hata zaidi. Jua ndilo adui yake. Likiachwa wazi hugeuka manjano, halafu kahawia, mwisho huwa unga unaofutika kwa kidole. Kinacholilinda ni rangi ya kinga juu yake, ya silikoni au akriliki, na rangi hiyo huchakaa: kila baada ya miaka 10 hadi 15 paa lisafishwe, lipakwe tena. Nimepanda mapaa ambayo wenyewe waliahirisha mwaka hadi mwaka. Tuliishia kuchonga povu lililolowa na kulishusha kwa magunia, nao wakalipia paa zima upya.

Maandalizi nayo yasipuuzwe. Kutu isuguliwe, mabati yaliyotoboka yabadilishwe, na asubuhi yenye umande mafundi wasubiri pakauke. Povu lililopulizwa juu ya maji halishiki, linafanya malengelenge.

Halafu kuna kunguru. Ndege hudonoa povu, na kunguru wa pwani yetu unawajua. Tundu dogo halivujishi papo hapo, maana povu hili halinyonyi maji kama sifongo, na fundi hulifunga kwa silikoni dakika chache tu. Lakini awepo mtu wa kupanda na kuliona! Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, azibue mifereji na kuziba matundu, yakiwemo ya mafundi wa madishi.

Mama analipa ushuru kila siku. Sehemu ya ushuru huo itengewe paa linalomfunika, iandikwe kwenye bajeti kabla ya zabuni kutangazwa.

Niko tayari kuzungumza na mhandisi wako bila malipo. Saa 4 usiku kwangu ni saa 2 asubuhi ofisini kwenu.

Mtoto wa muuza dagaa,
Phoenix